Si kila kipele usoni ni chunusi

Mwanamke wa miaka arobaini anapika vitumbua Ngamiani, hapa Tanga. Uso umeinamia jiko la mkaa tangu alfajiri, halafu linakuja jua la kaskazi. Mashavu yanamwaka, sabuni inamchoma, vipele vyenye usaha vinamtoka puani na kidevuni. Atakayemwona atamwambia, "Dada, hizo chunusi." Huenda sizo. Huenda ni rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso unaofanana na chunusi, na mimi naamini wengi wetu tunaukosa ugonjwa huu kwa sababu tumezoea kuambiwa dalili yake ni uso mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Anayeumwa anausikia moto kabla mwingine hajaona kitu. Basi aulizwe: panawaka? Kisha atazamwe kwa karibu, maana rosasea haina vile vichwa vyeusi vya chunusi.

Kinachoniuma hasa ni kinachofuata. Anakwenda dukani anapewa krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kama betamethasoni au klobetasoli, au shoga yake anampunguzia mkorogo wenye steroidi hizo hizo. Siku chache uso unatulia, naye anaamini kapata dawa. Steroidi imebana mishipa ya damu kwa muda tu. Akiacha, vipele vinarudi kwa hasira. Akiendelea, ngozi inakuwa nyembamba na mishipa inajitokeza. Tena krimu hizo zinaweza kumletea hali kama rosasea hata mtu ambaye hakuwa nayo. Kwangu mimi, hazifai kuuzwa za kupaka usoni bila cheti cha daktari, hata kama muuzaji ana nia njema.

Ugonjwa huu hautokani na uchafu. Unahusiana na kinga ya mwili, mishipa ya damu ya uso, na vijidudu vya demodeksi vinavyoishi kwenye vinyweleo vyetu sote ila kwa wenye rosasea huzidi. Kwa hiyo kusugua uso kwa dodoki au singo ni kuuchokoza. Singo tuwaachie maharusi wenye ngozi nzima.

Dawa zipo: jeli ya metronidazoli ya asilimia 0.75, asidi ya azelaiki, krimu ya ivermektini ya asilimia 1. Ivermektini wengi mkoani kwetu tunaijua kwa vidonge vya matende na usubi. Hii ni ya kupaka, msichanganye. Vipele vikizidi, daktari huandika doksisaiklini, ambayo mjamzito hapewi. Zote zinataka subira ya wiki kadhaa, na ugonjwa hudhibitiwa, hauondoki moja kwa moja. Jua, mvuke wa jiko, chai ya moto, pilipili na pombe huuamsha, ingawa kila mtu na chake.

Macho yakikereketa kama yameingia mchanga na kope zikavimba, asingoje, kwa sababu rosasea hufika hadi kwenye jicho na inaweza kudhuru uoni. Aende hospitali ya Bombo, ikibidi apewe rufaa, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990. Na aliyepaka steroidi kwa miezi asiiache kimya kimya, uso unaweza kulipuka kabla ya kutulia. Aichukue tyubu ile ile, au kopo la mkorogo, amwonyeshe daktari alichokuwa anapaka.