Nyumba ya Tarneit, Boma la Goba

Mtu akikwambia ana nyumba Tarneit, huku Melbourne, Australia, kabla hujamwonea wivu muulize benki inamdai mpaka mwaka gani. Kwa wengi wetu jibu ni miaka ya 2050. Nyumba yenyewe inapendeza: vyumba vinne, gereji ya magari mawili, jiko linang'aa. Picha ikiingia kwenye kundi la familia la WhatsApp, Dar es Salaam yote inaamka: "Kaka, umetoboa!" Huko kutoboa ndiko ninakotaka tukuzungumze, kwa sababu nimeishi pembezoni mwa miji yote miwili na naona ndugu zangu wanapima kwa kipimo cha upande mmoja.

Tarneit iko magharibi ya Melbourne, kama kilomita 25 kutoka katikati ya jiji, ndani ya halmashauri ya Wyndham. Zamani ilikuwa mashamba na tambarare ya nyasi, mawe ya volkano chini, na upepo ambao mpaka leo haujapata cha kuuzuia. Sensa ya 2021 ilikuta watu zaidi ya 56,000. Goba ya Dar es Salaam nilikotoka nayo ilikuwa vilima vya mikorosho na miembe ambako watu wa mjini walikuwa wakienda kununua shamba kwa bei ya kutupa. Na miji yenyewe haipishani sana: Dar ilihesabiwa watu milioni 5.38 mwaka 2022, na Melbourne ilikuwa na milioni tano hivi. Yote inasukumwa nje na jambo moja, kwamba kijana mwenye mshahara wa kawaida hawezi kununua katikati.

Inapoachana ni kwenye kinachotangulia. Tarneit, kampuni inanunua shamba, inafukia mabomba ya maji safi na maji taka, inapitisha umeme na intaneti chini ya ardhi, inamwaga lami, inasimamisha taa, halafu ndipo viwanja vinauzwa. Unachagua ramani kwenye nyumba za maonyesho, unasaini, na baada ya mwaka hivi unakabidhiwa funguo. Goba, dalali anakupeleka kiwanjani kwa bodaboda, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anashuhudia mauziano, unachimba msingi. Unapandisha tofali mpaka lenta, hela inakata. Boma linaota nyasi. Ukipata hela unapaua, na unahamia ukiwa umeziba madirisha kwa mabati ili kuikimbia kodi ya mwenye nyumba wa Sinza. Maji ya bomba na lami vitakukuta humo humo. Kwa sasa unanunua maji ya boza.

Katika hilo sina ubishi na mtu, Tarneit inashinda. Aliyewahi kukwama na mgonjwa usiku wa masika, gari limezama kwenye tope, hawezi kusimulia utamu wa kujenga kidogo kidogo. Hati ya kiwanja nayo hapa haina utata: jina lako liko kwenye daftari la jimbo, hakuna atakayetokea baadaye akidai babu yake aliuza eneo lile lile kwa mtu mwingine.

Ila kila kilichotangulia kina bei, na bei hiyo unailipa kwa miaka 30. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2022 riba ya msingi ya Benki Kuu ya Australia ilikuwa asilimia 0.10, ilipofika Novemba 2023 ilikuwa 4.35. Kwa aliyekopa wakati ule wa riba ya karibu bure, rejesho la kila mwezi lilipanda hadi likagusa chakula. Kuna watu nawafahamu wanaopanga mizigo kwenye maghala ya Truganina, jirani na hapa, usiku, na Jumamosi na Jumapili wanahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea. Nyumba ya vyumba vinne wanaiona gizani. Boma la Goba, hata likikaa na nyasi zake miaka mitano, halimtumii mtu barua ya deni. Benki za nyumbani zikikopesha nyumba kwa riba ya asilimia 15 na kuendelea, mtu anayejenga kwa tofali za mfukoni mwake anajua hesabu vizuri kuliko anavyodhaniwa.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi, na ni jambo ambalo sijamsikia Mtanzania yeyote wa hapa akililalamikia: hakuna fremu. Goba, mtu akishapaua tu anafikiria fremu mbili za mbele. Moja duka la vitu vidogo vidogo, nyingine saluni au mtu wa miamala ya simu. Kando yake mama ana genge la nyanya na mchicha, jioni mwingine anawasha jiko la chapati. Mjane anaishi kwa fremu. Mstaafu ambaye pensheni yake imechelewa anaishi kwa fremu. Mtoto anatumwa kitunguu na anarudi kabla mafuta hayajapata moto.

Tarneit nyumba ni ya kulala tu. Eneo la makazi limepangwa kuwa la makazi, na mitaa mingi mipya ina masharti yanayokuambia mpaka bustani ya mbele iweje na uzio uwe wa aina gani. Ukitaka kuuza sambusa ulizopika nyumbani, biashara yako iandikishwe halmashauri chini ya sheria ya chakula ya jimbo. Usafi wa chakula siupingi, nimekula vya kutosha vya barabarani kujua madhara yake. Ninachopinga ni mtaa wa maelfu ya watu ambao kitunguu kinafuatwa kwa gari. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea ndiye aliyeliona haraka kuliko mimi: hakuwa na mahali pa kwenda kwa miguu ambapo angekuwa na shughuli. Akiwa Goba huwa anatoka kununua dagaa na anarudi baada ya saa mbili na habari za mtaa mzima.

Kuhusu usafiri nitasema kidogo, maana naweza kuonekana najivuna. Kituo cha treni cha Tarneit kilifunguliwa mwaka 2015 kwenye reli ya kwenda Geelong, na treni zake ni za dizeli, za masafa ya mikoani. Mwaka 2018 serikali ya jimbo la Victoria ilitangaza mpango wa kuleta treni za umeme upande huu wa magharibi. Dizeli bado inanguruma. Mwaka 2024 sisi tukaanza kwenda Morogoro kwa treni ya umeme. Nimemwambia hivyo mwenzangu wa kazini, Mwaustralia wa kuzaliwa, akadhani natania. Sikumwambia kwamba kutoka Goba mpaka stesheni ya Dar kwenyewe ni safari nyingine.

Lile la kwamba ughaibuni watu hawasalimiani, mniwie radhi, siliungi mkono kwa hapa. Tarneit si ya Wazungu wengi kama mnavyodhani. Baada ya Kiingereza, lugha inayosikika zaidi ni Kipunjabi, na kwenye hekalu la Masingasinga mtu yeyote anakaribishwa kula, hakuna anayekuuliza dini yako. Wazee wao wamelitatua tatizo la mama mkwe wangu kwa njia yao: jioni wanakusanyika kwenye bustani za umma, vilemba vimejipanga kwenye benchi, wanabishana mpaka jua linazama. Mmoja wao alizaliwa Nakuru. Aliponisikia naongea na simu aliniita "kijana" na kuniuliza bei ya unga nyumbani, kwa Kiswahili ambacho hakina haraka kabisa. Wapo pia Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Kigoma kabla ya kufika Australia, na kwao nyumba yenye mlango unaofungwa na hati isiyo na mgogoro si jambo la kubishania. Nikiwa nao, maneno yangu ya riba nayapunguza.

Mdogo wangu ameniuliza kama nitauza kiwanja cha Goba ili nipunguze deni la huku. Siuzi. Nilichofanya ni kumpigia fundi abadilishe ramani: ukumbi upungue, chumba cha wageni kirudi nyuma, na mbele zikae fremu tatu badala ya mbili. Ameniambia nondo zimepanda bei. Tutaanza na msingi.