Sanduku la kufuli tatu na Hiace isiyo na daftari

Kila Desemba Moshi hujaa. Magari ya Dar yanapandisha Marangu, Kibosho na Machame, na jioni, nyama ikiwa mezani na mbege ikizunguka, hakosi mtu wa kusema: "Jamani, mwaka huu tufanye kitu." Mmoja ana milioni tano, mwingine nane, mwingine ana kiwanja. Kabla Januari haijaisha fedha zimeshatumwa kwa simu, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Nimekaa kwenye meza hizo. Nimepoteza fedha, na nusura nipoteze mtu. Hata hivyo siungani na wanaosema usiweke kabisa fedha na rafiki. Ushauri huo ni rahisi kwa mtu ambaye benki inamfungulia mlango. Kijana wa Pasua au Ngarenaro asiye na hati ya nyumba ataulizwa dhamana, na hana. Mtaji wake wa kwanza utatoka kwa watu wanaomjua, au hautatoka kabisa. Tena mtaji wa rafiki una sifa ambayo mkopo hauna: unasubiri. Gari likilala gereji wiki tatu, siku ya rejesho inafika vilevile na riba yake. Rafiki ataelewa, kwa sababu amelala njaa nawe na anajua hukimbii.

Ila tujiulize rafiki tulimpataje. Tulisoma pamoja, alishinda nami msibani, ana maneno mazuri yanayoliwaza. Hakuna kati ya hayo linalosema anaweza kumsimamia dereva, kukagua spea au kumkatalia fundi. Tunachukua uaminifu uliopimwa kwenye jambo moja na kuutumia kwenye jambo jingine ambalo halijawahi kumpima.

Mwaka 2017, mimi nikiwa kazini Arusha, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza alipata Hiace iliyotumika. Bei milioni 16. Yeye akatoa 10, mimi 6. Kadi ya gari ikaandikwa jina lake, maana yeye ndiye aliyekuwa Moshi, na gari likaanza kupiga ruti ya Himo. Dereva alileta hesabu ya shilingi 50,000 kwa siku. Miezi mitatu ya kwanza nilipata ujumbe kila Jumamosi: gari limetembea siku ngapi, spea kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Kisha ujumbe ukafupika. "Kaka, gari iko gereji." Wiki iliyofuata: "Bado iko."

Nilikuwa na swali moja, risiti ziko wapi, na sikuliuliza. Nilikuwa naliandika kwenye simu, nasoma, nafuta. Mama yake ndiye aliyempelekea mama yangu uji hospitali ya KCMC wiki mbili mfululizo. Ningemwulizaje mtoto wa mama yule habari za risiti ya pampu?

Mwaka na nusu baadaye gari liliuzwa. Akanitumia milioni 1.9 na neno "pole". Karibu miaka miwili nilimsalimia kwa mdomo tu, moyoni nikimwita mwizi. Siku tulipokaa hatimaye, alitoa bahasha ya kaki. Alikuwa ametunza risiti zote. Lakini zilikuwa za zile karatasi za mashine, na maandishi yalikuwa yameshafifia. Nilizishika moja moja juani. Nyingi zilikuwa nyeupe kabisa, chache zilibakiza nusu ya tarehe. Alinitazama nikizigeuza, macho yamemjaa machozi. Mpaka leo sijui ni kiasi gani kilikwenda kwa fundi na kiasi gani kilikwenda kwingine, na nimekubali kwamba sitajua.

Hapo nikaelewa jambo ambalo nilikuwa nimelitazama upande mmoja tu. Tunadhani daftari ni la kumlinda aliyetoa fedha. Linamlinda zaidi anayezishika. Mwizi hahitaji daftari, ana uongo wake. Mwaminifu ndiye anayebaki bila la kusema siku hesabu zinapokosa mahali pa kusomwa.

Na si kwamba watu wetu hawajui kuandika. Nenda kwenye kikundi chochote cha kinamama cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, fedha zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti, na hakuna anayenuna kwamba ameshukiwa. Hao ni majirani, wifi na shemeji, wanasali kanisa moja. Nenda nyuma zaidi: mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro amekuwa na ushirika tangu KNPA, chama cha wakulima cha mwaka 1925, kisha chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na mzee alisubiri stakabadhi yake pale kwenye mizani hata kama karani alikuwa mtoto wa jirani. Ushirika nao umepata majeraha yake, ulivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurejeshwa miaka ya themanini, lakini stakabadhi haikuwahi kuwa tusi. Kwa nini basi wanaume wawili waliokua pamoja waone aibu kununua kaunta buku moja?

Wengi hawajui kwamba kutoandika nako kuna matokeo kisheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisubiri karatasi ndipo iwaite washirika. Mkiunganisha mali kufanya biashara na mkakubaliana kugawana faida, tayari ni ubia, na pasipo makubaliano mengine mnahesabiwa kugawana faida na hasara sawasawa. Mimi nilidhani tunagawana kwa uzito wa mtaji. Yeye alidhani anastahili nyongeza, kwa kuwa ndiye aliyeamka alfajiri kumkabidhi dereva gari. Watu wawili, mawazo mawili, na sheria yenye wazo la tatu, yote ndani ya Hiace moja. Ukienda polisi utaambiwa hilo ni suala la madai, na kwenye madai utaulizwa mliandikiana nini.

Kuna hatari nyingine ya rafiki, naye akiwa na moyo safi kabisa. Serikali ilipoisimamisha DECI mwaka 2009, ule mchezo wa upatu ambao fedha ya kuingilia iliitwa "mbegu", wengi waliokuwa wamepanda mbegu zao mle walikuwa wameingizwa na ndugu, marafiki na waumini wenzao, ambao nao walikuwa wamepanda za kwao. Rafiki hakuwadanganya kwa kusudi. Alikuwa amedanganywa kabla yao.

Nisiifanye karatasi kuwa dawa ya kila kitu. Mwaka 2020 corona ilipozuia watalii, Land Cruiser za safari zililala uani Arusha nzima, na mkataba mzuri kuliko wote haukumleta mgeni hata mmoja. Unachoweza kufanya mkataba ni kusema nani anabeba nini hasara ikija, na mtu akitaka kutoka anatokaje. Kipengele hicho cha kutoka ndicho tunachokiogopa zaidi, kana kwamba ni kuitabiria ndoa talaka. Mimi nakiweka mbele ya vyote.

"Kwani huniamini?" Swali hilo huja, na linauma. Najibu kwamba nakuamini wewe, ila siku tukikuzika, atakayefungua droo na kukuta kadi yenye jina lako peke yake ni mtu ambaye hatukuongea naye. Na kiasi ninachotoa nakipima hivi: kikipotea chote, nitaweza kwenda msibani kwao bila kinyongo? Kama siwezi, napunguza.

Tangu msimu uliopita mimi na rafiki yule yule tumekodi ekari mbili za mpunga Chekereni. Yeye anashika fedha, kama zamani. Kila risiti anaipiga picha siku hiyo hiyo na kunitumia, na Jumamosi anaandika kwenye kaunta buku. Ukurasa wa kwanza una majina yetu, kila mmoja alichotoa, mgao wa anayeshinda shambani, na mistari minne ya namna ya kuachana. Chini kuna muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na saini nne: yangu, yake, ya mke wangu na ya mke wake.