Sakafu ya Ghala Kabla ya Roboti

Msimu uliopita, katika ghala moja la tumbaku hapa Tabora, nilimwona kuli akikunja gunia tupu na kuliweka begani, kisha wenzake wawili wakamtwika robota. Alikwenda kwa hatua fupi fupi, akalikwepa shimo lililo katikati ya sakafu bila hata kulitazama, kwa sababu kila afanyaye kazi pale analijua hata gizani, na aliporudi alikuwa ameshika kiuno.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba habari za roboti za kuhamisha mizigo ghalani hazituhusu, wala na wale wanaohofia kwamba zikija zitatunyang'anya riziki. Pande zote mbili zinaitazama mashine na kuisahau sakafu. Vigari vya mwanzo vya aina hii, vilivyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950, vilifuata waya na havikuweza kuiacha njia yake. Roboti za Kiva, kampuni ambayo Amazon iliinunua mwaka 2012 kwa dola milioni 775, zilijipenyeza chini ya rafu, zikaiinua na kumpelekea mfanyakazi pale aliposimama, huku zikisoma alama zilizobandikwa sakafuni. Za siku hizi hujichorea ramani ya jengo kwa miale ya leza, na zikikuta mtu njiani husimama au humzunguka. Pamoja na werevu huo wote, hutembea kwa magurudumu madogo yanayotaka sakafu iliyo sawa, na nyingi haziwezi kuokota robota lililotupwa pembeni. Mzigo sharti uwe umepangwa juu ya paleti, yaani kichanja cha kupangia mizigo, au juu ya rafu.

Neno roboti, kwa njia, limetokana na neno la Kicheki, robota, yaani kazi ya kulazimishwa, ilhali kwetu robota ni mzigo wenyewe. Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa kuwa sifa ya Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani katika karne ya 19 bado hutajwa hapa kwa fahari, na mara nyingine hutumiwa kuhalalisha maumivu ya kiuno cha kijana wa leo.

Kwa maoni yangu, ghala letu linahitaji zege, paleti na toroli la kunyanyulia paleti, vitu ambavyo roboti nayo ingevidai siku ya kwanza. Nilipomwuliza yule kuli kama angelipenda toroli, alitaka kwanza kujua iwapo malipo kwa kila robota yangebaki yaleyale, na nadhani aliuliza la maana kuliko yote niliyoyasoma. Nikalipeleka swali lake kwa msimamizi. Akanijibu kwamba toroli haliwezi kupita pale, kwa sababu ya shimo.