Mwenye Mgahawa Anapotunga Sheria ya Mgahawa

Marekani haina sheria moja ya taifa inayomwambia mpishi wa mgahawa nyama iive kiasi gani. FDA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia chakula na dawa, hutoa mwongozo tu wa kanuni za jikoni, na toleo lake kamili hutoka kila baada ya miaka minne. Jimbo ndilo huamua lichukue nini na liache nini.

Tofauti ya kiwango cha jimbo na cha serikali kuu huweza kuua. Mwaka 1993 watoto 4 walikufa na zaidi ya watu 700 waliugua kwa bakteria aina ya E. koli waliokuwa kwenye nyama ya hambaga za Jack in the Box, kampuni yenye mtandao wa migahawa, wengi wao katika jimbo la Washington. Jimbo hilo lilikuwa limeshaagiza nyama ifikie nyuzi 155 za Farenhaiti. Kampuni ilikuwa ikipika kwa kiwango kilichopendekezwa na serikali kuu, nyuzi 140. Nyuzi 15 tu, na zilikuwa zimeshaandikwa kwenye kanuni za jimbo.

Sasa, wanaotunga sheria hizi ni akina nani? Katika majimbo mengi ubunge wa jimbo si kazi ya kuishi nayo. New Hampshire humlipa mbunge wake dola 100 kwa mwaka, kiwango kisichobadilika tangu 1889. Texas hulipa dola 7,200 kwa mwaka, na bunge lake hukutana kwa kikao cha kawaida mara moja kila miaka 2. Kwa malipo hayo mtu lazima awe na shughuli nyingine: uwakili, kilimo, bima. Wengine wana migahawa. Kisha muswada wa ukaguzi wa jikoni unafika mezani, na mwananchi anajiuliza kama kesi ya ngedere haijapelekwa kwa nyani.

Wanaowatetea wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. California iliwahi kupitisha sheria, iliyoanza Januari 2014, ikiwakataza wapishi na wahudumu wa baa kushika kwa mikono mitupu chakula kilicho tayari kuliwa. Ni wazo safi, kwa mtu ambaye hajawahi kusimama jikoni saa ya msongamano. Wapishi wa sushi walilalamika, wahudumu wa baa wakalalamika, na hoja yao haikuwa ya uvivu: glavu humpa mtu imani ya uongo, akashika pesa, akashika mlango, akarudi kwenye samaki na glavu ileile. Kabla mwaka haujafika nusu bunge likaifuta. Aliyewahi kuosha sufuria angeliona tatizo hilo kwenye rasimu ya kwanza. Ukimfukuza chumbani kila anayeijua kazi, utabaki na watu wa nia njema wanaoandika mambo yasiyotekelezeka.

Lakini ujuzi ni kitu kimoja, kura ni kitu kingine. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, katika mwongozo wa taratibu za bunge aliouchapisha mwaka 1801, alisema mbunge ambaye maslahi yake binafsi yanaguswa na hoja anapaswa kujiondoa. Majimbo mengi yanaikubali kanuni hiyo, kisha yanaitoboa tundu: unaruhusiwa kupiga kura ikiwa sheria inakugusa sawa na wengine wote wa kundi lako. Yaani mwenye migahawa akipigia kura nafuu ya ada ya leseni kwa migahawa yote ya jimbo, hakuna mgongano, kwa kuwa wenzake nao wamenufaika. Tundu hili lina sababu yake. Bila hilo mkulima asingepigia kura muswada wowote wa kilimo, na waliomchagua wangebaki bila sauti. Hata hivyo ni ajabu kidogo kwamba kadiri nafuu inavyowagusa matajiri wengi zaidi ndivyo inavyohesabiwa kuwa safi zaidi.

Mimi ningependa mbunge mwenye mgahawa aitwe mbele ya kamati kama shahidi, ahojiwe kwa kirefu, maslahi yake yakiwa yametajwa kwenye kumbukumbu za kikao, kisha anyamaze wakati wa kura. Asiiongoze kamati hiyo, maana miswada mingi hufia humo kwa kutopangiwa tu siku ya kusikilizwa, na hakuna kura inayobaki kuonyesha nani aliizika.

Hata hapo kuna mlango mmoja nisioona namna ya kuufunga. Mbunge huyo anaweza kujiondoa kwa heshima kwenye muswada wa glavu, na wiki ifuatayo akapigia kura bajeti ya idara ya afya ya jimbo, ambayo huchangia kuamua kutakuwa na wakaguzi wangapi na watapita jikoni mara ngapi kwa mwaka. Bajeti inamhusu kila mtu, kwa hiyo kwa kanuni zote zilizopo haimhusu yeye.