Matone Mawili Kila Tundu

Nilipokuwa nikisoma Salamanca, Hispania, mkate, jibini na viazi vya mfululizo vilinifunga choo hata nikaenda duka la dawa kwa mwendo wa bwana harusi aliyeazimwa viatu. Kwa kuwa Kiingereza nilikijua, na maneno ya kitabibu ya lugha hizo mbili hufanana sana, nilimtangazia muuzaji bila wasiwasi: «Estoy constipado.»

Mama yule, mwenye miwani ya kuning'inia, alinionea huruma. Aliuliza kama kinatoka chochote. Nikamjibu kwamba hakitoki kitu, hata nikijikaza. Akanionya nisijikaze sana nisije nikaumiza masikio, onyo lililonishangaza, ingawa mtu mwenye shida yangu habishani na mtaalamu. Kisha akanipa mafuta ya mkaratusi ya kujifukiza na kichupa chenye ncha nyembamba, akaagiza: matone mawili kila tundu, asubuhi na jioni.

Njia nzima nilijihesabu, nikapata tundu moja.

Beseni la mvuke nililikalia kwa adabu zote. Kuhusu kichupa, msomaji aniwie radhi.

Jirani yangu, mwanafunzi wa Kilatini aliyevutwa na harufu ya mkaratusi, alicheka mpaka akakaa sakafuni, ndipo akanifafanulia. Kwa Wahispania, constipado ni mtu mwenye mafua. Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini constipare, yaani kusonganisha vitu mpaka vibanane. Waingereza waliuacha msongamano huo tumboni, Wahispania wakaupandisha puani, na aliyefunga choo wakamwita estreñido, kutokana na stringere, kukaza. Akanisomea Julius Caesar, kitabu cha tano cha Vita vya Gallia, mahali anaposimulia kambi ya Warumi iliyozingirwa mwaka 54 kabla ya Kristo: washambuliaji walikuwa wamesongamana, constipaverant, chini ya boma lenyewe, na wa nyuma hawakuwapa wa mbele nafasi ya kurudi. Sijapata kusoma maelezo ya kitabibu yaliyo sahihi kuliko hayo.

Kesho yake nilirudi dukani na neno linalofaa. Muuzaji alilirudia kwa sauti, foleni nzima ikanigeukia, akaniletea unga wa nyuzinyuzi wa kukoroga kwenye maji. Kisha, kwa wema wake, akasema kwamba kile kichupa, ikiwa sijakifungua, nikirudishe anipe fedha zangu.

Nilimjibu kwamba kimepotea.