Usimtaje Guthrie Kama Hujamsoma

Nikipewa tasnifu ya umahiri niisome, sianzii kwenye ikisiri. Naanzia nyuma, kwenye marejeleo. Ikiwa ni kazi ya isimu ya Kiswahili, jicho langu linamtafuta Guthrie, na ni nadra nimkose: Guthrie (1948), yule aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, Kiswahili kikaangukia G42. Nikikutana na mwenye tasnifu huwa namuuliza swali moja tu: kitabu hiki umekiona wapi? Mara nyingi jibu ni tabasamu. Si kitabu unachokikuta kwenye rafu ya kila maktaba. Kwa hiyo mwanafunzi amemtoa Guthrie kwenye tasnifu ya mwenzake aliyemaliza mwaka juzi, na mwenzake alimtoa kwenye kitabu cha kiada, na huyo wa kitabu cha kiada Mungu ndiye anayejua alimtoa wapi. Wakati mwingine hata mwaka umebadilika njiani: hoja ya 1948 inapewa Guthrie wa 1967, yaani juzuu la kwanza kati ya manne aliyoyachapisha hadi 1971, na katika mkusanyiko huo alirekebisha baadhi ya mambo yake mwenyewe ya awali.

Basi msimamo wangu ni huu. Kosa kubwa la urejeleaji katika kazi za wanafunzi wetu si mkato uliosahaulika wala jina la kitabu ambalo halikuandikwa kwa italiki. Ni kuitaja kazi ambayo hukuisoma kana kwamba uliisoma. Na kosa hilo ndilo tunalolishughulikia kwa uchache kuliko yote.

Tazama tunavyofundisha. Kwenye kozi ya mbinu za utafiti mwanafunzi anapewa kipindi kimoja au viwili cha APA, mwongozo wa namna ya kuandika marejeleo: jina la ukoo kwanza, mwaka kwenye mabano, waandishi wakiwa watatu au zaidi andika wa kwanza "na wenzake". Toleo la 7 la mwongozo huo lilitoka 2019, na bado kuna idara zinagombana kama liwe la 6 au la 7. Mwishoni mwanafunzi anakwenda steshenari iliyo jirani na geti la chuo, anamlipa kijana wa kompyuta amnyooshee marejeleo. Na kijana anayanyoosha kweli! Yanapangika kwa alfabeti, yanapendeza, pamoja na yale ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyafungua. Kisha inakuja Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, na swali la "Mwalimu, mwisho asilimia ngapi?" Turnitin inalinganisha maneno yako na maneno yaliyomo kwenye hazina yake. Aliyedesa mapitio yote ya maandishi kutoka kwa mwenzake, akabadilisha sentensi moja moja, anaweza kutoka na asilimia ndogo kabisa na kupongezwa.

Wapo watakaosema nakuza jambo. Kama Guthrie kweli alisema hivyo, ina dhara gani nikimtaja bila kumsoma? Dhara lake ni kwamba huna njia ya kujua kama kweli alisema hivyo.

Kisa cha spinachi kinatosha kueleza. Wengi wamesikia kwamba spinachi ilipata sifa ya kuwa na madini mengi ya chuma kwa sababu mwanasayansi mmoja wa zamani alikosea nukta ya desimali, kiasi kikaongezeka mara kumi, na ndiyo maana yule baharia wa katuni, Popeye, anazila za kopo. Kisa hiki kilipata nguvu mwaka 1981, daktari Mwingereza T. J. Hamblin alipokiandika kwenye jarida la British Medical Journal. Hakutaja chanzo. Kikapokewa, kikapitishwa, na utamu wake ni kwamba kilikuwa kinasimuliwa kama onyo kwa wasiohakiki vyanzo vyao. Mwaka 2010 Mike Sutton, mtaalamu wa masuala ya uhalifu wa Uingereza, alikwenda kuitafuta nukta hiyo na hakupata ushahidi wowote kwamba iliwahi kukosewa. Mwaka 2014 mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, ambaye sisi wa huku tunaweza kumfahamu kwa utafiti wake juu ya Wairaqw wa kaskazini mwa Tanzania, aliandika makala akionyesha jinsi wasomi wanavyozalisha ngano za namna hii kwa kurejeleana bila kurudi kwenye chanzo. Watu waliokuwa wakikemea uzembe walikuwa wazembe katika kukemea kwao.

Kuna waliojaribu kuupima ugonjwa huu. Mwaka 2003 Simkin na Roychowdhury wa Marekani walichunguza makosa ya chapa kwenye marejeleo. Walichukua makala moja maarufu ya fizikia, iliyokuwa imerejelewa mara 4,300 hivi. Marejeleo 196 yalikuwa na makosa, lakini makosa yenyewe yalikuwa ya aina 45 tu, na kosa moja la namba ya ukurasa lilijirudia mara 78. Watu 78 hawawezi kukosea namba ileile kila mmoja kivyake. Walinakili kutoka kwa mwingine. Kwa hesabu zao, kati ya wanaotaja kazi fulani, takriban mmoja katika watano ndiye aliyeisoma. Hao ni wanafizikia wenye maktaba za kila aina, sembuse sisi.

Kwenye historia hali ni ileile, ila inachekesha zaidi. Nimekuta "Ibn Battuta (1331)" kwenye orodha ya marejeleo zaidi ya mara moja, kana kwamba msafiri yule alifika Kilwa mwaka huo akiwa na kitabu tayari kimetoka kiwandani. 1331 ni mwaka aliopita Mombasa na Kilwa. Masimulizi yake yaliandikwa baada ya kurudi kwao Moroko, kwa mkono wa Ibn Juzayy, yakakamilika mwaka 1355. Kama ulisoma tafsiri ya Kiingereza ya Gibb, sehemu ya Afrika Mashariki imo kwenye juzuu la pili lililochapwa 1962, na kwa APA utaandika Ibn Battuta (1355/1962). Kama hukusoma hata hiyo, ila umesoma kitabu cha historia ya kidato cha tano kinachomtaja, basi chanzo chako ni kitabu hicho cha kidato cha tano, na hakuna aibu yoyote. Miaka ishirini na nne kati ya safari na maandishi ni jambo la msingi kwa mwanahistoria. Aliyeandika 1331 amelifuta bila kujua.

Jambo linalonishangaza ni kwamba hatukuhitaji Wamarekani watufundishe haya. Waliokulia madrasa wanajua hadithi ya Mtume inavyosomwa: kapokea fulani kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani, mpaka ifike. Mpokezi mmoja akikosekana katikati, silsila imekatika, na hadithi inashuka daraja. Zaidi ya hapo, wanazuoni walilitambua mapema kosa la mpokezi anayemruka aliyemsimulia na kutumia maneno yanayomfanya msikilizaji adhani amesikia moja kwa moja kwa aliye juu. Wanaliita tadlisi, na anayejulikana kwa tabia hiyo hapokelewi kirahisi mpaka atamke wazi kwamba alisikia kwa masikio yake. Mwanafunzi anayeandika Guthrie (1948) akiwa amemkuta kwa mwenzake anafanya tadlisi. Wakaguzi wa karne ya tisa wangemkamata kabla chai haijapoa.

Matoleo nayo ni kesi ya haraka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina toleo la 1981, la 2004 na la 2013. Mawili ya kwanza yana jina la TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, la tatu la TATAKI, jina jipya la taasisi hiyo. Ukinukuu fasili, taja toleo lililokuwa mezani kwako, kwa sababu fasili na kurasa hazifanani. Majina ya watu pia yanataka akili, maana programu za marejeleo hudhani kila mtu ana jina la ukoo mwishoni, ilhali kwetu jina la tatu mara nyingi ni la babu tu. Mimi nasema fuata jinsi mwandishi mwenyewe alivyozoeleka kuorodheshwa, kisha usiyumbe ndani ya kazi moja.

Sasa imeingia akili unde, na tatizo limepata injini. Ukiiomba rejea, inaweza kukupa jina la mwandishi aliye hai, jarida lililopo kweli, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Juni 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Lakini rejea hewa zilikuwepo kabla ya mashine: makala iliyotungwa kama mfano tu kwenye mwongozo wa wachapishaji Elsevier, ya mtu aitwaye Van der Geer na wenzake, ilikuja kugundulika imerejelewa karibu mara 400 kwenye kazi za watu wazima.

Najua jibu la wanafunzi, na wana haki. Kitabu hakipo maktabani, mtandaoni kinauzwa kwa bei inayomaliza hela ya kula ya muhula. Njia ya halali ipo: andika (Guthrie, 1948, amenukuliwa katika kazi ya fulani, mwaka fulani), na kwenye orodha ya mwisho weka ile kazi ya fulani uliyoishika. Wanaoiogopa njia hii wanatuogopa sisi. Msimamizi ndiye anayeandika pembeni "ongeza rejea" bila kuuliza zilizopo zimesomwa au la. Msimamizi ndiye anayekunja uso akiona "amenukuliwa" tatu kwenye ukurasa mmoja. Mwanafunzi anajifunza haraka kwamba ukweli unampunguzia heshima, anaufuta.

Ningependa siku ya utetezi mtahini achague rejea tatu kwa kushtukiza, amwambie mtahiniwa: nifungulie hizi. Iwe PDF, iwe picha ya ukurasa aliyoipiga kwa simu maktabani, iwe nakala ya fotokopi iliyochakaa. Haihitaji bajeti wala kikao cha seneti. Atakayesema kwamba mojawapo hajawahi kuiona apewe wiki mbili airekebishe iwe "amenukuliwa katika", na asikatwe alama hata moja kwa kusema hivyo.