Dakika Nne za Kugeuza Matriksi, za Nini?

Jumamosi nilikuwa kwenye mashindano ya roboti, ukumbi wa shule hapa Michigan, nikiwasubiri kijana wangu na wenzake wapate OPR, yaani makadirio ya alama ambazo kila timu inachangia kwenye mechi. Feni ya kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga. Mechi imekwisha, inayofuata inaitwa, wao bado: "Inakokotoa, baba." Dakika nne! Mshauri wao, mtu mzima na akili zake, anasema dawa ni kompyuta mpya. Haya, tuchange.

Nikaomba kuona programu. Wamepakia timu za jimbo zima, karibu 500, wanatafuta kinyume cha matriksi, yaani jedwali la namba, kwa vitanzi (amri za kurudiarudia) vya lugha ya Python walivyoandika wenyewe. Mara tatu! OPR, DPR (alama wanazopata wapinzani) na CCWM (mchango kwenye tofauti ya alama), kila kimoja na kinyume chake, ilhali matriksi ni ileile. Kinachobadilika ni safu ya alama tu. Ni kuwasha jiko upya kwa kila sufuria wakati mkaa bado mwekundu.

Na kinyume chenyewe hakihitajiki, kutatua milinganyo kunatosha. Kwenye mshazari wa matriksi mna idadi ya mechi za kila timu. Kwingineko, mara ngapi timu mbili zimekuwa muungano mmoja wa timu tatu. Juu na chini ya mshazari ni mapacha. Cholesky, afisa wa jeshi la Ufaransa aliyepima ardhi na kufa vitani 1918, alituachia njia ya kuipasua matriksi ya namna hii iwe pembetatu kwa hesabu zipatazo n³/3, n ikiwa idadi ya timu. Kinyume kinakula 2n³, mara sita yake. Yeye alikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono! Ukishapasua mara moja, safu zote tatu zinapita humohumo.

Halafu sufuri. Timu yenye mechi 24 haiwezi kuwa na washirika zaidi ya 48. Nafasi nyingine mia nne na ushee za mstari wake ni tupu, na feni inazivumia.

Sawa, kwa timu 40 za shindano moja hata njia mbovu inatosha. Na aliyeandika vitanzi mwenyewe kajifunza kuliko aliyenakili. (Ni kijana wangu. Niliambiwa tukiwa njiani kurudi.) Ila OPR ya asubuhi, mechi hazijatosha, ni ramli, kuiharakisha ni kuharakisha ramli.

Tulibadilisha mistari michache palepale, tukaiachia kazi SciPy, maktaba ya hesabu ya Python. Majibu yalitoka sijafungua chupa ya maji. Mchango wa kompyuta mpya bado unazunguka WhatsApp.